Udongo wa Dawa na Hesabu ya Waliopona

Mwaka 1893 meli moja iliyotoka Bombay ilitia nanga Lamu kwa muda wa saa chache. Miongoni mwa abiria walioshuka kutembea alikuwamo wakili kijana wa miaka 23, ambaye kidogo tu aachwe na safari, kwa kuwa mkondo wa maji ulikuwa mkali na mashua aliyoikodi ilishindwa kutulia kando ya ngazi ya meli. Kutoka hapo walipita Mombasa, wakafika Unguja, na huku kijana yule alikaa siku nane au kumi akisubiri chombo cha kumpeleka kusini. Alikodi vyumba mjini, akazunguka viungani, na miaka mingi baadaye, alipoandika habari za maisha yake, aliikumbuka miti ya Unguja akasema haina mfano ila Malabar. Jina lake Mohandas Karamchand Gandhi. Alikuwa anakwenda Natal kwa ajili ya kesi ya mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, wala hakujua kwamba maisha yake yatafungamana na Afrika Kusini kwa miaka ishirini na moja.

Ya siasa yake yamekwisha kuandikwa na kusomwa. Liko jambo jingine ambalo hutajwa kwa nadra: huko alikokwenda alijifunza kutibu kwa tope, akalitumia juu ya tumbo lake mwenyewe, juu ya mkono wa mwanawe, na juu ya vifua vya watu waliokuwa wakifa kwa tauni; kisha akayaandika yaliyotokea. Ni maandishi hayo, na hasa namna alivyohesabu, yaliyonivuta kwenye somo hili. Tiba ya udongo ni kongwe mno, na kila zama ilipata mashahidi wa kuisifu. Mashahidi waliojua kuhesabu ni wachache.

Kwetu udongo haukuhitaji wa kuutangaza. Lugha yenyewe yatosha kuwa shahidi. Twakanda unga, twamkanda mzazi kwa maji ya moto, twakandika ukuta wa nyumba ya miti. Twabandika chungu jikoni, na dawa twaibandika juu ya jipu. Mikono ni ile ile, na aliyeizoea kazi moja haoni ajabu kuifanya ya pili. Mtoto akiumwa na nyuki shambani, tope lililo karibu ndilo la kwanza kubandikwa, na maumivu hupungua kabla machozi hayajakauka. Wala hapana haja ya kutafuta siri kubwa katika hilo. Mwenye mtungi nyumbani anaijua: mtungi hutoa jasho, jasho hukauka kwa upepo, na maji ya ndani hupoa. Tope lililobandikwa juu ya ngozi yenye joto hufanya kazi hiyo hiyo. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo kuliko sehemu mbili za elfu ya milimita. Kwa udogo huo hushika maji mengi na kuyaachia polepole, ndiyo maana tope hupoza kwa muda mrefu kuliko kitambaa cha maji. Likianza kukauka, hugeuka likanyonya unyevu wa ngozi. Kupoza na kukausha: hizi ndizo kazi mbili za udongo ambazo hakuna anayezibishia.

Lakini pwani yetu haikuujua udongo kwa mikono tu. Iliujua pia kwa kitabu. Aliyepata kukaa katika darsa ya fiqhi ya madhehebu ya Imam Shafii amekutana na Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Katika mlango wa kutayamamu, Nawawi anaeleza kuwa mtu aliyekosa maji hutayamamu kwa udongo wowote ulio tohara, hata ule unaotumiwa kuwa dawa. Maneno hayo ya mwisho ni machache, na mwanafunzi mwenye haraka huyapita. Waliomfafanua Nawawi hawakuyapita: wanatoa mfano wa udongo wa Armenia. Basi mwanafunzi wa Lamu au wa Unguja, aliyekaa juu ya mkeka na kitabu mapajani, ambaye Armenia hakuijua ila kwa jina, alikuwa akisoma habari ya bidhaa ya maduka ya dawa ya Baghdad na Damascus, udongo mwekundu wenye chuma uliosafirishwa masafa ya miezi.

Na iko Hadithi, aliyoipokea Bibi Aisha na kuthibitishwa na Bukhari na Muslim, inayosimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akimwombea mgonjwa au mwenye jeraha kwa kutia mate kidoleni, kugusa ardhi kwa kidole hicho, na kuomba shifa kwa idhini ya Mola. Wanazuoni walijadiliana: je, ardhi iliyokusudiwa ni ya Madina peke yake kwa baraka yake, au ni ardhi yote? Wengi wao wamesema ni yote. Ibn al-Qayyim, aliyeandika juu ya tiba ya Mtume katika karne ya 14, aliieleza Hadithi hiyo kwa lugha ya matabibu wa wakati wake: tabia ya udongo ni baridi na ukavu, hivyo unafaa majeraha mabichi, hasa katika nchi za joto. Kisha akamwita shahidi wa mbali, Galen, tabibu wa Kiyunani, ambaye aliwaona katika mji wa Alexandria wagonjwa wa wengu na wa kuvimba kwa maji wakijipaka tope la Misri miguuni, mapajani, mikononi na mgongoni, nao wakanufaika.

Huyo Galen ndiye mlango wa habari yote, na yafaa tukae naye kidogo.

Aliishi katika karne ya 2, akawatibu wafalme wa Roma, na akaandika kwa wingi usiochoka. Katika kitabu chake cha dawa zisizochanganywa aliweka sehemu nzima juu ya aina za udongo. Mashuhuri kuliko zote ulikuwa udongo wa kisiwa cha Lemnos, katika bahari iliyo baina ya Ugiriki na Uturuki. Galen hakuridhika kuusikia; alisafiri mpaka kisiwani, na safari ya kwanza alishuka upande usiokuwa na kilima kile, ikambidi arejee mara nyingine. Alichokiona alikieleza kwa makini. Kuhani wa kike alikwenda kilimani, akamwaga ngano na shayiri juu ya ardhi, akajaza gari zima la udongo, akalipeleka mjini. Huko ulichanganywa na maji, ukakorogwa, ukaachwa utulie. Maji ya juu yalimwagwa. Tabaka laini lenye unyororo liliondolewa taratibu, na mchanga na mawe yaliyozama chini yakatupwa. Ule unyororo ulikaushwa mpaka ukawa kama nta laini, ukakatwa vipande vidogo, na kila kipande kikapigwa muhuri mtakatifu, kikaanikwa kivulini.

Galen alikuwa amesoma kwamba udongo ule huchanganywa na damu ya mbuzi. Akauliza. Waliosikia swali walicheka. Akaondoka na vidonge 20,000, akavitumia kwa majeraha makongwe, kwa walioumwa na wanyama, na kwa walionyweshwa sumu.

Nataka msomaji autazame muhuri ule. Udongo wapatikana kila mahali, nao haugharimu kitu. Kilichouzwa ni kazi ya kuuchagua na kuusafisha, na dhamana ya kwamba kazi hiyo imefanywa. Biashara ikaishi miaka mingi kuliko dini iliyoizaa. Wakati wa Waturuki udongo wa Lemnos ulichimbwa siku moja tu katika mwaka, tarehe 6 Agosti, mbele ya wakubwa wa Kituruki na mapadri wa Kiyunani, na msafiri wa Kifaransa Pierre Belon, aliyepita huko katika miaka ya 1540, alikuta katika masoko ya Istanbul mihuri ya namna nyingi isiyofanana. Wajanja walikuwa wamekwisha kujua kwamba muhuri ni rahisi kuuiga kuliko kuchuja udongo.

Udongo wa Armenia, ule wa wafafanuzi wa Nawawi, nao umo katika kitabu cha Galen. Alipewa sifa yake wakati wa maradhi makubwa yaliyoanza kuenea katika dola ya Roma mwaka 165, ambayo wengi wa wanahistoria wa leo huyadhania kuwa ndui. Galen anaandika kwamba waliounywa udongo ule walipona upesi. Wale ambao haukuwafaa walikufa wote, wala dawa nyingine yoyote haikuwafaa. Na kutokana na hayo, asema, ni dhahiri kwamba udongo huu haushindwi ila na wale wasioponyeka.

Soma tena hoja hiyo polepole, uone ilivyojifunga. Aliyepona, amepona kwa udongo. Aliyekufa, alikuwa wa kufa. Hakuna maiti wa kuishitaki dawa, kwa kuwa kila maiti hutolewa katika hesabu mara tu anapokata roho. Mtu mwenye akili ya Galen, aliyevuka bahari mara mbili ili ahakikishe habari ya damu ya mbuzi, alipofika kwenye hesabu ya waliopona hakuuliza wangapi walipona bila ya kunywa. Maneno yake yakapita mikononi mwa Waarabu na Walatini kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ibn Sina aliuweka udongo wa Armenia katika kanuni yake ya tiba, na wauza dawa wa Ulaya wakautia katika dawa zao za tauni. Sisemi kwamba wote walikosea kuutumia. Nasema hakuna hata mmoja wao angeweza kujua kama amekosea.

Karne nyingi zitupite hapa, maana hazikuongeza jambo kubwa ila bei.

Mwishoni mwa karne ya 19 udongo ulipata watetezi wapya katika Ujerumani, watu waliochoshwa na moshi wa viwanda na chupa za madawa. Adolf Just, aliyekuwa muuza vitabu, alifungua mwaka 1896 mahali pa kupumzikia wagonjwa katika milima ya Harz, akaandika kitabu cha kuwaita watu wairudie asili: watembee pekupeku, walale karibu na ardhi, wabandike udongo mbichi juu ya vidonda na matumbo. Mchungaji Emanuel Felke aliwalaza wagonjwa katika mashimo ya tope hata watu wakampa jina la mchungaji wa udongo. Kulikuwa na ukweli katika wito wao na kulikuwa na chumvi nyingi. Just aliamini kwamba udongo humponya hata aliyeumwa na nyoka.

Kitabu cha Just, kilichofasiriwa kwa Kiingereza, kilimfikia Gandhi mjini Johannesburg. Wakati huo alikuwa wakili mwenye kipato kizuri, mwenye tumbo lililofunga na kichwa kilichouma mara kwa mara. Alikuwa amekwisha kuacha kufungua kinywa asubuhi. Kichwa kikapona, tumbo halikupona. Akajaribu udongo: kitambaa chembamba, ndani yake udongo safi uliolowekwa kwa maji baridi, kikafungwa tumboni wakati wa kulala na kuondolewa usiku au asubuhi. Anasema kilimponya kabisa. Na hapa nami nakubali bila ya shaka kubwa, kwani tumbo la mtu ni lake, na yeye ndiye ajuaye.

Tauni ni jambo jingine. Mwezi Machi 1904 tauni ya mapafu ilizuka katika mgodi mmoja wa dhahabu karibu na Johannesburg. Wengi waliofanya kazi humo walikuwa Waafrika, lakini walikuwamo Wahindi pia, na 23 kati yao walirejea jioni moja katika mtaa waliotengewa Wahindi wakiwa tayari wameshikwa. Rafiki yake Gandhi, aitwaye Madanjit, alivunja kufuli la nyumba iliyokuwa tupu, akawaingiza wote humo, akapeleka habari. Gandhi alifika kwa baiskeli. Akaja Dkt. William Godfrey, wakaja makarani wanne wa ofisi ya Gandhi, vijana wasio na wake wala watoto, na usiku ule wakauguza. Tauni ya mapafu huenea kwa pumzi. Kila aliyeingia nyumba ile alikuwa akiuweka uhai wake rehani, na dawa ya kweli ya maradhi hayo haikuwako duniani mpaka ilipofika miaka ya 1940.

Siku iliyofuata wakuu wa mji walitoa bohari iliyokuwa tupu na wakampeleka muuguzi mmoja na chupa za brandi, kwani brandi ndiyo iliyosadikiwa wakati huo kwa wagonjwa na kwa wauguzi wao pia. Gandhi hakuisadiki. Kwa ruhusa ya Dkt. Godfrey aliwachukua wagonjwa watatu waliokuwa radhi kuiacha brandi, akawabandika tope lililoloweshwa kichwani na kifuani. Wawili kati ya watatu hao walipona. Ishirini waliosalia walifia humo bohari. Muuguzi naye aliambukizwa akafa. Baada ya siku chache mtaa mzima ulihamishwa, ukateketezwa kwa moto.

Wawili kati ya watatu, dhidi ya ishirini waliokufa. Fikiri Galen angefanya nini kwa hesabu kama hiyo! Gandhi alikuwa na kila sababu ya kuipigia ngoma: alikuwa na imani, alikuwa na gazeti la kuandikia, na alikuwa na maiti ishirini wa kulinganisha. Lakini alipoandika habari hiyo miaka zaidi ya ishirini baadaye, alisema haiwezekani kueleza ni kwa nini wawili wale walipona, wala kwa nini yeye na wenzake hawakuambukizwa. Akasema tukio lile lilimzidishia imani juu ya udongo na shaka juu ya brandi. Na hapo hapo akakiri kwamba anajua imani hiyo na shaka hiyo hazina msingi madhubuti, ila athari aliyoipata imembakia, na kwa hiyo ameona aitaje.

Mimi nimesoma mengi yaliyoandikwa kusifu tiba za kienyeji na tiba za asili, ya kwetu na ya wageni. Sijaona mahali pengine ambapo mwenye dawa anaitenga imani yake na ushahidi wake kwa mstari ulionyooka namna hiyo. Watu watatu ni wachache mno. Huenda waliokubali kuacha brandi ndio waliokuwa na nguvu zaidi. Huenda brandi yenyewe iliwazidishia wengine udhaifu. Huenda ni bahati. Yote hayo yamo katika ungamo lake, na wala hakuhitaji kuyataja moja moja.

Muda mfupi baadaye familia yake ilimfuata Johannesburg, na mwanawe wa tatu, Ramdas, mwenye umri wa miaka minane, alifika na mkono uliovunjika alipokuwa akicheza na nahodha melini. Daktari wa meli aliagiza mtoto apelekwe kwa tabibu mwenye ujuzi. Baba akamwomba mtoto ruhusa ya kumtibu mwenyewe. Alifungua bendeji huku akitetemeka, akaosha jeraha, akabandika udongo safi, akafunga tena, na akarudia kila siku kwa muda wa mwezi mmoja mpaka mkono ukapona. Na tazama anavyohesabu hapa pia: hasemi ulipona upesi. Anasema haukuchukua muda mrefu kuliko ule aliouagua daktari wa meli kwa matibabu ya kawaida.

Hata hivyo, katika kisa hiki mimi siwezi kusimama upande wa baba. Mwaka 1884, miaka ishirini kabla, Arthur Nicolaier wa Göttingen alikuwa amewachoma wanyama kwa udongo wa bustani, nao wakapatwa na pepopunda. Mwaka 1889 Kitasato Shibasaburo, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alimtenga mdudu wake peke yake. Mbegu za mdudu huyo hulala ardhini miaka mingi, hasa palipo na samadi, na hazifi kwa maji ya kuchemka kwa muda ule ambao mtu huchemsha chai. Udongo juu ya ngozi nzima ni jambo moja; udongo ndani ya jeraha ni jambo jingine. Ramdas aliponea chupuchupu, na baba yake, pamoja na uaminifu wake wote wa kuhesabu, hakuwa na njia ya kuhesabu hatari isiyotokea.

Wengine imewatokea. Katika nchi nyingi, na Afrika Mashariki imo, ilikuwapo desturi ya kupaka kitovu cha mtoto mchanga majivu, samadi au vumbi la udongo ili kikauke. Kikweli kilikauka. Lakini mtoto aliyepata pepopunda kwa njia hiyo aliacha kunyonya siku chache baada ya kuzaliwa, taya zikafunga, mgongo ukapinda kama upinde, na kwa kawaida hakuishi wiki mbili. Waliomzika walisema ni dege, au ni jicho la mtu. Hesabu ya watoto hao ndiyo hasa hesabu aina ya Galen: hakuna aliyekiuliza kitovu, maana kitovu kilikuwa kimekwisha kukauka vizuri.

Mama zetu na bibi zetu hawakufanya hivyo kwa ujinga wala kwa ukatili. Walikuwa wakifanya lile alilolisifu Ibn al-Qayyim na Galen kabla yake, kukausha palipo na unyevu. Chanjo ya mama mjamzito na wembe safi wa mkunga ndivyo vilivyobadilisha mambo. Na Pemba imepata sehemu yake katika elimu hii: kati ya mwaka 2011 na 2014 watoto wachanga zaidi ya 36,000 wa kisiwa hicho waliingizwa katika utafiti uliolinganisha kitovu kilichopakwa dawa ya klorheksidini na kitovu kilichoachwa kikavu, bila ya kitu chochote. Katika vifo hapakuonekana tofauti ya kutegemewa. Watoto 36,000 ndio waliohitajika ili kulijibu swali moja dogo la kitovu. Nasi twasoma kila siku tiba zinazosimamishwa juu ya jirani mmoja aliyepona.

Isidhaniwe kwamba sayansi imeufungia udongo mlango. Kuna maradhi ya ngozi yaitwayo kidonda cha Buruli, yaliyopewa jina la sehemu ya Uganda, ambayo hula nyama ya mkono au mguu. Huko Kodivaa mama mmoja Mfaransa aliwabandika wagonjwa udongo wa kijani alioagiza kutoka Ufaransa, mara mbili kwa siku, miezi kwa miezi, na picha za vidonda vilivyofunga ziliwafikia wataalamu wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2002. Wanasayansi wa Marekani waliuchukua udongo huo wakaupima maabara, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Walipima udongo wa namna mbili, yote ya kijani, yote ya Ufaransa, na madini yake yakikaribia kuwa sawa. Mmoja uliwaua bakteria wa aina kadhaa, akiwamo yule wa Buruli na wengine wasiosikia dawa za hospitali. Wa pili uliwastawisha.

Macho hayawezi kuitofautisha miwili hiyo, wala vidole, wala pua. Nguvu ya ule wa kwanza, wanavyoeleza watafiti, haiko katika kunyonya wala kupoza, bali katika kemia ya maji yanayouloweka. Na hata huo wa kwanza ni wa tabaka moja la ardhi. Ukichimbwa kando yake, huenda usiwe ule.

Gandhi mwenyewe aliurudia udongo mara ya mwisho katika mji wa Pune. Mji huo unamjua kwa njia zaidi ya moja. Mwezi Januari 1924, akiwa mfungwa, alipasuliwa kidole tumbo katika Hospitali ya Sassoon na daktari wa kijeshi wa Kiingereza, Kanali Maddock. Umeme ulizimika katikati ya kazi, na daktari akamalizia kwa mwanga wa taa ya mafuta. Hakudai siku ile abandikwe tope. Mwaka 1942 alifungwa tena huko, safari hii katika kasri la Aga Khan, na baina ya Agosti na Disemba akaandika kitabu kidogo cha afya. Ndani yake mna kipande juu ya udongo, na kipande hicho hakina mbwembwe. Anatoa vipimo vya kibandiko chake: upana inchi tatu, urefu inchi sita, unene nusu inchi. Anasema udongo uwe laini, usiwe na mchanga wala usinate mno, usichukuliwe kamwe katika shamba lililotiwa samadi, ukaushwe, utwangwe, uchekechwe kwa chekecheke nyembamba, na ukitiliwa shaka uchomwe kwa moto. Kuhusu dai la Just juu ya sumu ya nyoka, anasema hawezi kulithibitisha.

Mwaka 1946 alianzisha kituo cha tiba za asili katika kijiji cha Urulikanchan, nje ya Pune, nacho kikaendelea baada yake. Katika vituo vya namna hiyo nchini India udongo huchimbwa chini ya futi tatu au nne, mbali na mashamba na mifereji. Huanikwa juani, hupondwa, huchekechwa, hulowekwa usiku kucha. Asubuhi hufungwa katika kitambaa, ukalazwa juu ya tumbo la mtu ambaye hajala kitu, nusu saa, kisha ukaondolewa na ngozi ikapanguswa kwa maji.